Saa ya Kupima Tapeti Nayo Ilipwe

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika karatasi yetu niseme na wenzangu wa reli, wa gati na wa boti juu ya dai la nane katika orodha ya madai ya tawi. Dai hilo lataka fundi wa motaboti apewe saa za kupima valvu za injini, na saa hizo zilipwe, yeye na mabaharia wake. Wako ndugu wasemao lifutwe. Wasema mshahara ni jambo la chama, nyumba ni jambo la chama, lakini valvu ni jambo la spana. Mimi nasema lisifutwe, hata kama itabidi tufute lile la kofia mpya.

Najua watauliza mtu wa Mwingi ameyajulia wapi mambo ya boti, kwao ambako maji huchimbwa mchangani mwa mto mkavu. Nawajibu mapema. Kabla soko letu halijapata stima, mahindi yetu yalisagwa kwa injini za dizeli zenye flaiwili kubwa, za R. A. Lister wa Dursley kule Uingereza, au zile zilizoigwa kutoka kwao kule Rajkot, India. Mtoto aliyetumwa posho alijifunza injini akiwa amekaa juu ya gunia akingoja zamu. Lister huyo huyo alitengeneza na injini za boti. Ukimtoa mwenye posho umtie ndani ya boti la zamani, atashangaa maji chini ya miguu yake, lakini roka na valvu atazitambua.

Na kwa nini karatasi ya watu wa reli iseme habari za boti? Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na tangu hapo meli za Ziwa zilikuwa mkono wa reli. Tangu 1948 mpaka 1969 East African Railways and Harbours ilishika gari moshi, bandari na meli za maziwa chini ya jina moja. Mgomo wa Mombasa wa Januari 1947 haukuwa wa makuli wa gatini peke yao. Watu wa reli walikuwamo. Basi mtu asituambie leo kwamba mwenye boti si wetu.

Sasa twende kwenye mwanya wenyewe, maana nadhani wengi walilicheka dai hili kwa kuwa hawajaambiwa ni kitu gani.

Ndugu wa genge la njia wanajua kwamba kiungo cha reli kina mwanya. Hakuna aliyeusahau pale, umewekwa. Reli ya urefu wa mita 12 ikipata joto la digrii 30 kuliko siku ilipolazwa, hurefuka milimita nne hivi. Ikikosa pa kurefukia, itapinda kama nyoka saa nane ya mchana pale Makindu, na gari moshi lijalo litaanguka. Ndani ya injini mambo ni yale yale. Valvu ni kama uyoga wa chuma, kichwa chake kimekalia tundu la silinda kama kifuniko kikaliavyo chungu. Kamshafti ikizunguka husukuma fimbo, fimbo huinua ncha moja ya roka, na ncha ya pili ya roka hubonyeza mkia wa valvu ili ifunguke. Springi huirudisha. Wakati valvu imefungwa, kati ya roka na mkia huo huachwa mwanya mdogo sana. Huo ndio tunaoupima tunaposema tunapima tapeti.

Ni mdogo kiasi gani? Injini nyingi za zamani hutaka kati ya thau nne na thau ishirini, na thau ni inchi iliyogawanywa mara elfu. Thau nne ni unene wa karatasi ya kuandikia barua. Kwa unene wa karatasi hii uliyoshika mkononi, boti hurudi gatini au hairudi.

Mwanya ukiwa mdogo mno, injini ikipata moto chuma hurefuka, roka hulalia mkia wa valvu, na valvu haifungi sawasawa. Moto wa silinda hupenya pembeni. Valvu ya kutolea moshi hupata mamia ya digrii za joto, na njia yake kubwa ya kupoa ni kukalia kiti chake. Kila ifungapo huiachia hedi joto lake. Ikinyimwa kukaa, haipoi. Huungua ukingoni, kipande hutoka kama ukingo wa sufuria iliyoliwa na kutu, na tangu hapo hewa haibanwi tena ndani ya silinda ile. Dizeli huwaka kwa hewa iliyobanwa tu. Hakuna kubanwa, hakuna moto.

Mwanya ukiwa mkubwa mno, valvu huchelewa kufunguka, hufunguka kwa kimo kifupi, roka hugonga kama nyundo, nguvu hupungua na vyuma hulana. Hilo nalo si jema, lakini lapiga kelele, na mtu husikia akatengeneza. Ubaya wa mwanya mdogo ni kwamba hunyamaza. Injini iliyokazwa tapeti ni tamu masikioni. Msimamizi asiyejua kitu huipita akisema, "Aha, leo fundi umefanya kazi." Tena mwanya hupungua wenyewe: kiti cha valvu huliwa polepole, valvu huzama ndani ya hedi, na mkia wake husogea kumfuata roka. Kwa hiyo injini iliyokuwa ikigongagonga mwezi uliopita, na sasa imetulia bila mtu kuigusa, usiisifu. Ifungue.

Fikirini pia hesabu hii. Injini izungukayo mara 1,500 kwa dakika hufungua kila valvu mara 750 kwa dakika hiyo. Kwa saa moja ni mara 45,000. Kosa la thau tano si kosa moja. Ni kosa linalorudiwa mara elfu arobaini na tano kabla ya chai ya saa nne.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa urefu, kwa sababu mbili. Kwanza, wako wazee wetu wa karakana wafichao kazi hii kama uganga. Kijana akikaribia, humtuma maji. Mambo hayo yakome. Pili, nataka waliocheka waone wenyewe kama kazi hii yaweza kufanywa kwa dakika kumi wakati abiria wanapanda.

Kwanza ni kusoma kitabu cha injini, au kibati kilichopigiliwa juu yake, kujua mambo matatu: mwanya wa valvu ya kuvutia hewa, mwanya wa ile ya kutolea moshi, na kama hupimwa injini ikiwa baridi au ikiwa moto. Usichukue vipimo vya boti ya jirani. Mara nyingi ile ya kutolea moshi hutaka mwanya mkubwa zaidi kwa kuwa hupata joto zaidi, ila si kwa kila injini. Kama kitabu chasema baridi, basi iwe baridi ya kweli, yaani injini iliyolala usiku kucha. Injini iliyozimwa saa tano ukaipima saa sita si baridi wala si moto, na kipimo chake si cha mtu yeyote.

Kisha kabla ya kushika spana, hakikisha haiwezi kuwaka. Dizeli, vuta wenzo wa kuzimia. Kama ni ya petroli, fungua vifuniko vyote upepo upite, na uinuse ngama, yaani kile kitumbo cha chini cha boti ambamo maji machafu hukaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hulala humo humo, na cheche moja yatosha. Fundi wa gari hana ngama. Kwa hiyo fundi wa gari aliyeitwa kusaidia botini lazima aambiwe.

Kama hedi ilifunguliwa karibuni, kaza kwanza nati za hedi kwa kipimo chake, maana gasketi ikibanwa hedi hushuka na mianya yote hubadilika. Wako wapimao tapeti kwanza wakaza hedi baadaye. Hao wamefanya kazi mara mbili, au tuseme nusu mara.

Sasa zungusha injini kwa mkono, kwa hendeli au kwa spana kubwa, na uizungushe upande ule inaokwenda tu. Boti nyingi za zamani zina pampu ya maji yenye pangaboi la mpira. Ukirudisha nyuma, mabawa yake hukunjwa vibaya na yaweza kukatika, nawe utatoka umeponya valvu ukaua pampu. Kama injini ina wenzo wa kufungulia hewa, uutumie ili izunguke kwa wepesi.

Kila valvu hupimwa ikiwa imefungwa kabisa. Kwa injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja iko hesabu ambayo hata sisi tulioishia darasa la nane katika shule ya misheni twaiweza. Hesabu valvu kutoka mbele: moja mpaka nane. Zungusha mpaka valvu namba nane ibonyezwe chini kabisa. Hapo upime namba moja. Ikiwa chini namba sita, pima namba tatu. Ikiwa chini namba tano, pima namba nne. Namba mbili za kila safari zikijumlishwa lazima zifanye tisa. Kwa silinda sita, valvu ni kumi na mbili, na jumla ni kumi na tatu. Hesabu hii haina siri yo yote, na mwenye kuisoma hapa amfundishe mwenziwe.

Filageji ni kile kisu chenye majani mengi membamba ya chuma, kila jani limeandikwa unene wake. Legeza nati ya kufungia, pitisha jani kati ya roka na mkia wa valvu, geuza skrubu kwa bisibisi mpaka jani lipite likishikwa kidogo, kama karatasi inayovutwa kutoka chini ya kitabu chepesi. Lisipite bure, wala lisilazimishwe. Kisha kaza nati huku bisibisi ikishika skrubu isigeuke. Na baada ya kukaza, pima tena. Hapa ndipo wengi huchoka. Nati ikikazwa huvuta skrubu, na mwanya ulioupima si ule ulioufunga.

Iko na hila moja ya injini iliyozeeka. Ncha ya roka huchimbika shimo dogo pale inapogonga. Jani la filageji ni bapa, hukaa juu ya shimo hilo kama ubao juu ya mtaro, likasema mwanya ni thau kumi na mbili kumbe ni zaidi. Roka ya namna hiyo isuguliwe sawasawa au ibadilishwe. Fundi atazame kwa macho yake kabla ya kuamini kisu.

Mwisho, arudie zote tangu ya kwanza, arudishe kifuniko na gasketi nzima isiyovuja, ageuze injini kwa mkono mizunguko miwili asikie hakuna linalokwama, ndipo aiwashe. Kwa injini ya silinda nne iliyo chumba kizuri, fundi hodari atatumia saa mbili. Lakini injini ya boti haiko chumba kizuri. Iko shimoni, chini ya mbao za sitaha, fundi amelala kifudifudi juu ya tangi na taa iko mdomoni. Sema saa tatu, sema nne.

Sasa mtu atasema: hayo yote ni kweli hata kwa lori, mbona hatukudai kwa ajili ya malori? Nami nitasema tungefanya vema kudai. Walakini lori likifa huko Ukasi, dereva hushuka, huweka majani barabarani, hukaa chini ya mgunga akangoja msaada. Boti ikifa, hakuna pa kushuka.

Tena boti ina ubaya wake yenyewe. Injini nyingi za boti huvuta maji ya nje zipoe, kisha huyatema kwa bomba la ekzosi pamoja na moshi. Injini yenye valvu zisizofunga huwa ngumu kuwaka. Baharia huikoroga na stata, na kuikoroga, na kuikoroga. Kila izungukapo pampu huvuta maji, lakini hakuna moshi wa kuyasukuma yatoke, kwa hiyo bomba hujaa. Likijaa, maji hurudi nyuma, hupita mlango wa valvu ya kutolea moshi, huingia silinda. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikipanda ikakutana nayo, mkono wa pistoni hupinda. Tazameni basi jinsi thau chache zilivyoua injini nzima, na aliyeikoroga ndiye atakayeambiwa, "Wewe ndiwe uliyeiharibu."

Hili si jambo la kufikiri tu. Mwenzangu mmoja wa kwetu aliajiriwa katika boti moja ya zamani ya mbao huko Ziwani. Mwenye boti sitamtaja. Injini ilikuwa ya silinda nne, dizeli, nzee lakini yenye nguvu. Wageni waliosafiri nayo walinung'unika juu ya kelele, na msimamizi akaamuru fundi wa kibarua ainyamazishe kabla ya safari ya mchana. Fundi hakuwa na filageji wala hakupewa saa. Alikaza kwa sikio, skrubu moja baada ya nyingine, mpaka kimya kikapatikana. Wote walifurahi. Baada ya wiki tatu boti ikawa yawaka kwa taabu asubuhi. Ikiwa moto, yataka kusukumwa sana na stata. Mwenzangu alisema. Akaambiwa betri ndiyo mbovu, ikanunuliwa betri mpya. Kumbukeni betri hiyo, nitairudia.

Jioni moja walipokuwa wakirudi, magugu maji yaliyosukumwa na upepo yalizunguka pangaboi ya boti, wakazima injini ili wayakate. Walipomaliza, injini ikiwa bado na moto wake, haikuwaka. Walijaribu mpaka betri mpya ikaisha. Wale waliokaa Kisumu wanajua magugu yale: hutembea kama kisiwa, yakikuzingira kasia haisaidii kitu. Walilala humo watu watano, bila taa, wakifua maji kwa kopo zamu kwa zamu, maana boti la mbao lavuja na pampu yake ya ngama ilikuwa ya umeme. Alfajiri wavuvi waliwavuta. Hakufa mtu. Injini ilipofunguliwa, nami nilikuwapo kusaidia siku hiyo ya likizo yangu, tulikuta valvu mbili za kutolea moshi zimeungua ukingo, na maji katika silinda ya tatu.

Nani alilipa? Siyo msimamizi aliyetaka kimya. Fundi wa kibarua alikuwa amekwenda zake zamani. Mwenzangu alikatwa mshahara kwa "kuiendesha injini vibaya", na mabaharia wawili walikaa nyumbani mwezi mzima bila senti, kwa kuwa wao hulipwa kwa safari, na boti isiyokwenda haina safari.

Hapo ndipo nataka mtazame. Betri ilinunuliwa siku ile ile ilipoombwa. Kwa nini? Kwa sababu betri huja na risiti. Mwajiri aona kitu, akishika, akiandika katika kitabu chake. Kupima tapeti hakuna kitu kinunuliwacho. Hakuna spea. Filageji moja hukaa miaka na miaka. Gharama yake yote ni saa za watu, na saa za watu ndizo mwajiri asizotaka kuandika. Kwa hiyo kazi iliyo rahisi kuliko zote katika injini ndiyo iachwayo, na kazi za ghali ndizo zifanywazo baada yake.

Na sisi nasi tusijitoe. Baharia alipwaye kwa safari hapendi boti ifungwe. Akisikia fundi asema, "Leo hatuendi, napima valvu," humnung'unikia fundi kabla msimamizi hajanung'unika. Nimesikia kwa masikio yangu baharia akimwambia fundi, "Wacha bwana, mtoto wangu hatakula valvu." Simlaumu sana. Mtu mwenye safari moja kwa siku, ukimnyima hiyo umemnyima unga. Lakini tazameni alivyofungwa: ili alipwe leo lazima apande boti isiyopimwa, na ikifa huko mbele, halipwi mwezi. Hatatoka katika kamba hiyo kwa kuwa jasiri. Atatoka siku ambayo saa za kupima zitalipwa kama saa za safari. Ndiyo maana nasema dai la nane ni dai la mshahara. Limevaa nguo za fundi tu.

Wako watakaosema tunayo sheria tayari. Kweli, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi aonapo hatari kubwa, na yamkataza mwajiri kumrudisha mtu penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Ni sheria nzuri. Lakini hatari ya valvu iliyokazwa haionekani. Ubao uliooza utauonyesha kwa kidole. Kamba iliyokatika utaishika. Injini tulivu utamwonyesha nini msimamizi? Utamwonyesha namba, na namba hupatikana kwa kupima, na kupima ni saa. Bila saa, sheria hiyo kwa mtu wa injini ni mlango usio na komeo.

Kwa hiyo naomba dai lisibaki lilivyo, bali liongezewe neno. Limesema saa tu. Litaje na filageji na kitabu cha injini, viwe mali ya boti, visifungiwe kabatini kwa meneja. Na litaje daftari. Kila apimapo, fundi aandike tarehe, saa za injini, na kwa kila valvu mwanya aliokuta na mwanya alioacha. Atie sahihi yake, na msimamizi atie yake. Daftari hilo lina kazi mbili. Mianya ikionekana yapungua upesi katika silinda fulani, fundi atajua kiti kimekwisha na hedi ishushwe kabla valvu haijaungua. Na siku mtu atakapoambiwa ameendesha vibaya akatwe mshahara, mwakilishi wa chama atakuwa na karatasi ya kuweka mezani. Mwenzangu wa Ziwani hakuwa na karatasi. Alikuwa na maneno yake, na msimamizi alikuwa na ya kwake, nanyi mwajua ni ya nani yaliyosikilizwa.

Wengine wanapendekeza tuwaachie makontrakta wa nje wapime. Sina ugomvi na mafundi wa nje kama watu; wengi ni wafanyakazi kama sisi na hawana chama. Ila kontrakta hulipwa kwa kumaliza. Hatakuwamo botini usiku ule wa magugu. Mtu atakayelala na injini hiyo majini ndiye afaaye kuipima, au angalau awepo ashuhudie na atie sahihi.

Juu ya muda, kitabu cha injini hutaja baada ya saa ngapi za kazi valvu zipimwe. Tufuate kitabu, tusibuni yetu, ili waajiri wasiseme chama kimejifanya mhandisi. Na injini iliyoshushwa hedi ipimwe mara moja, kisha tena baada ya kufanya kazi kidogo, maana gasketi mpya hukaa.

Waajiri bila shaka watasema saa nne ni nyingi. Kwa injini ya silinda moja au mbili ni kweli, na hapo tukubali mbili. Kwa silinda sita zilizo chini ya sitaha tusikubali kupungua nne. Katika hesabu ya saa twaweza kupatana nao. Katika kulipa, wajumbe wetu wasirudi na nusu mshahara, wala wasirudi na mshahara wa fundi peke yake huku mabaharia wakiandikiwa siku tupu. Wale watu hushika taa, hufua ngama, hugeuza flaiwili. Waandikwe kazini.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Fundi wa Reli,
Mwingi.